Tupeane uzoefu: ukishamaliza kuhariri filamu yako, ilimfikiaje mtazamaji?

Klapa wa Tabata

Wakuu, habari za jioni.

Mijadala yetu ya filamu mara nyingi huishia kwenye kamera ipi kali na nani kaigiza hovyo. Leo naomba tuzungumzie kipande ambacho kila mtu anakipitia kivyake: filamu imeisha, imekaa kwenye diski, hela imekata, halafu? Ilimfikiaje mtu wa Gongo la Mboto? Nani alilipa, alilipia wapi, na wewe ukaambulia nini?

Nawalenga hasa tusio na kampuni nyuma yetu. Wale wa kuvunja kibubu, kuomba sebule ya shangazi Kimara iwe lokesheni, na kuwapa waigizaji nauli na wali maharage huku mkiwekeana ahadi. Ripoti ya UNESCO ya 2021 kuhusu filamu Afrika inasema sekta hii inaajiri watu wapatao milioni 5 barani na ina uwezo wa kufika milioni 20. Humo humo wanasema Afrika ina skrini moja ya sinema kwa kila watu 787,402. Wekeni namba hizo pamoja muone. Hapa Dar ukiondoa kumbi za kwenye maduka makubwa kama Mlimani City, ambako tiketi na nauli ya familia ya Chanika ni hela ya chakula ya siku kadhaa, umebaki na nini?

Naanza na yangu. Inahusu mama muuza samaki wa Feri anayemlea mjukuu. Nilizunguka nayo nikaambiwa haina sura inayouza, nikaamua kuionyesha mtaani kwetu. Serikali ya mtaa ikatuombea kiwanja cha shule, kijana anayepiga muziki kwenye harusi akaja na projekta na spika. Skrini ilikuwa shuka mbili nyeupe zilizounganishwa. Tulipowasha kujaribu, mshono ukampita yule mama katikati ya uso. Fundi cherehani jirani akazifumua, akaikata moja na kuiunga pembeni na chini, uso ukabaki kwenye kitambaa kizima.

Watu wakaja na mikeka na viti vya plastiki. Kiingilio mia tano, watoto bure. Pale mkopeshaji anapogonga mlango usiku, mama mmoja muuza vitumbua akapiga kelele "Usimfungulie huyo!" na kiwanja kizima kikamuunga mkono. Filamu ile nilikuwa nimeihariri mpaka naijua kwa ghibu, lakini nguvu yake niliiona pale. Hela iliyopatikana ilimlipa mwenye projekta na kupunguza deni. Watu wakaanza kuniuliza wataipata wapi waitazame tena na ndugu zao, na swali hilo ndilo nawaletea ninyi.

Masta wa Kinondoni

Mkuu umegusa panapouma. Mimi ni wa kizazi cha kambi na DVD. Kuanzia 2003 hivi soko la filamu za Bongo lilivyowaka, njia ilikuwa moja: unashuti kwa wiki moja, unahariri, unaipeleka masta, yaani nakala kuu, kwa msambazaji Kariakoo.

Nieleze ilivyokuwa kwa vijana ambao hawakuikuta. Unakaa kwenye benchi na wenzako, kila mmoja na bahasha yake. Msambazaji hakuulizi hadithi inahusu nini. Anauliza nani yumo, halafu anaangalia picha za kava. Akiridhika anakutajia bei, unasaini, unamwachia masta, unaondoka na nusu ya hela na ahadi ya nusu nyingine. Na alitaka iwe sehemu ya kwanza na ya pili ili auze diski mbili. Hadithi yangu ilikuwa ya dakika tisini. Tulirudi kupiga picha za kujazia: gari linakuja, geti linafunguliwa, gari linaingia, geti linafungwa, mtu anapanda ngazi. Watu wakatucheka miaka mingi kwa mageti yale bila kujua yalitoka wapi. Yalitoka kwenye meza ya msambazaji.

Kilichoniumiza zaidi ni maandishi ya mkataba. "Haki zote, kwa muda wote." Miaka baadaye televisheni ikaitaka filamu ile, nikalazimika kuwaambia kwamba mimi niliyeiandika na kuiongoza sina changu humo.

Mwigizaji wetu Steven Kanumba alipofariki Aprili 2012 nilikuwa viwanja vya Leaders kwenye kuaga. Umati ule sijauona tena kwa msanii yeyote. Nilisimama nikijiuliza: watu wote hawa wametazama filamu zetu, mbona hakuna hata mmoja kati yetu anayejua ni nakala ngapi ziliuzwa? Watazamaji tulikuwa nao, ila hesabu ilikuwa kwa mtu mwingine. Baada ya hapo zikashamiri flashi, na diski moja ya filamu za nje zilizotafsiriwa ikawa inauzwa kwa bei ya soda. Stempu za kodi zilizoanza 2013 hazikuzuia kitu. Soko la DVD likafa mikononi mwetu.

Kwa hiyo vijana, kodisheni, msiuze. Andikeni miaka, andikeni nchi, andikeni ni televisheni tu au na mtandao pia. Na hata ukipewa nakala ya mkataba imeandikwa Kiingereza, mtafute anayeijua lugha hiyo kabla kalamu haijagusa karatasi.

Kibanda Rangi Tatu

Nasalimu wote. Mimi sitengenezi filamu, nina banda la kuonyeshea hapa Mbagala. Mnaita kibanda umiza, sawa, lakini ndiyo sinema ya watu wa huku. Siku za mpira ni mpira, siku nyingine ni filamu za kutafsiriwa. Wateja wangu wengi wamekulia kwenye sauti za watafsiri kina Lufufu, mtu anayekueleza kinachoendelea na kukutilia chumvi inapobidi. Msiwadharau wale, wao ndio walioifanya filamu ya Hong Kong ikae vizuri masikioni mwa mbeba mizigo.

Kijana mmoja mtengenezaji aliwahi kuja na filamu yake, tukakubaliana tugawane kiingilio nusu kwa nusu. Nimwambie na bwana Klapa tulichokiona siku ile.

Kwanza giza. Nusu ya filamu ilikuwa usiku. Kwake kwenye kompyuta ilikuwa nzuri sana. Kwangu mwanga unapenya kwenye matundu ya bati na kwenye gunia la mlangoni, watu wakawa wanatazama kioo cheusi kinachoongea. Pili sauti. Feni zinazunguka, nje kuna bodaboda, mvua ikigonga bati ndiyo basi. Mhusika akinong'ona, hakuna anayejua kasema nini. Tatu, alikuwa ameweka Kiingereza kwa wahusika wenye hela na maandishi ya chini. Mstari wa tatu kutoka mbele hausomi hayo.

Ila hadithi ilishika. Siku ya pili walirudi na wake zao, jambo ambalo kwenye filamu za mapigano huwa halitokei. Nami nililipwa, naye alilipwa, tukaandikiana kwenye daftari.

Bumu la Sinza

Kaka wa kibanda umesema kweli tupu. Mimi ni dada wa sauti, nashika bumu, ile maiki ya kwenye fimbo ndefu, na kurekodi.

Wanaopanga bajeti huweka sauti mwisho, na filamu nyingi zinakataliwa kwa sababu hiyo kabla mtu hajaangalia hadithi. Niliitwa kuokoa filamu ambayo televisheni iliirudisha. Picha safi kabisa. Ila kila mazungumzo ya nje yana kunguru. Kunguru hawa weusi wenye shingo ya kijivu waliletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890, na leo hakuna mtaa wa Dar ambao hawapo. Mwigizaji analia msibani, juu ya mwembe kunguru wanagombana. Tuliirudia sauti yote chumbani, magodoro ukutani, waigizaji wakitazama midomo yao wenyewe kwenye kompyuta. Wawili walikuwa wameshahama mji, ikabidi tutafute sauti zinazofanana.

Ninavyofanya sasa: naenda lokesheni siku moja kabla, saa ile ile ya kushuti, nakaa tu nasikiliza. Nazijua saa za adhana, shule inapotoka, gereji inapoanza kugonga. Ndani ya nyumba nazima friji, na ufunguo wa gari la prodyuza nauweka humo humo ndani ya friji. Akiufuata ufunguo anakumbuka kuliwasha friji kabla ya kuondoka, samaki wa watu hawaozi. Maiki ndogo za kubana kwenye nguo ninazo, lakini vitenge vipya vinakwaruza, kwa hiyo naomba nguo zifuliwe mara kadhaa kabla.

Mazungumzo yakisikika kwenye banda la bati Mbagala, yatasikika popote duniani.

Mzee wa Upanga

Vijana wangu, nimewasoma nimefurahi. Niongeze ya zamani kidogo.

Ujana wangu nilifanya kazi kwenye chumba cha projekta cha sinema moja mjini. Jiji lilikuwa na Empire, Avalon, Chox, na Drive-In iliyofunguliwa 1966 pale ambapo leo pana ubalozi wa Marekani. Jumapili familia zinajaa, filamu ya Kihindi, watu wanaimba nayo. Nakala ya filamu ilikuwa moja na kumbi mbili zinaitaka usiku ule ule. Basi reli ya kwanza, yaani gurudumu la mkanda wa filamu, ikiisha kwetu, kijana anaipakia kwenye baiskeli anakimbiza ukumbi wa pili, anarudi kuchukua inayofuata. Akipata pancha, ukumbi mzima unapiga miluzi.

Lakini zile zilikuwa filamu za watu wengine. Ninyi mjue mlikotoka. Waingereza walifanya majaribio yao ya filamu za kutufundisha, Vugiri kule Usambara, kati ya 1935 na 1937. Mwafrika alikuwa mbele ya kamera na kwenye viti, maamuzi hayakuwa yake. Kwenye makoloni ya Wafaransa, amri ya Laval ya 1934 ilimtaka mtu apate kibali cha serikali kabla ya kupiga filamu, na Mwafrika hakukipata. Ousmane Sembène wa Senegal, aliyekuwa kuli bandarini Marseille kabla ya kuwa mwandishi, aligeukia filamu kwa sababu watu wake wengi hawakusoma vitabu. Filamu yake fupi ya 1963 inahusu mwendesha mkokoteni wa Dakar. Alizibeba filamu zake akazionyesha vijijini na kukaa kujadiliana na watu. Kwa hiyo wewe na shuka zako, usijione mdogo. Umeshika njia ya wakubwa.

Masta wa Kinondoni

Shikamoo Mzee. Hili la Vugiri sikulijua kabisa, asante.

Mzee wa Upanga

Marahaba. Na Tanzania tulianzisha kampuni yetu ya filamu, TFC, mwaka 1968. Mkipata nafasi zitafuteni kazi zake.

Msafiri wa Mbezi

Nami nitoe upande wa matamasha. Filamu yangu ilichaguliwa Zanzibar, ikaonyeshwa Ngome Kongwe. Tamasha lile lipo tangu 1998 na kwa sisi wa Dar ndilo lango la karibu: boti ya asubuhi, jioni umekaa kwenye ngazi za mawe unatazama kazi yako pamoja na watu kutoka Kenya, Afrika Kusini na kwingineko. Hapo nilikutana na mtu aliyenishauri niipeleke Ouagadougou. Tamasha la huko Burkina Faso, FESPACO, lilianza 1969 na sasa hufanyika kila baada ya miaka miwili. Gharama iliyonishtua ni ya manukuu ya Kifaransa na nakala ya kidijitali ya kumbi kubwa. Wekeni hizo kwenye bajeti tangu mwanzo.

Tamasha halikulipi deni. Linakupa watu. Ila sikubali hoja ninayoisikia mara nyingi kwamba filamu za matamasha ni za wazungu tu. Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, iliyotoka kwenye riwaya ya Adam Shafi, ilionyeshwa Toronto 2021 ikiwa na Kiswahili chake kitamu cha Zanzibar, bila kukilegeza kwa ajili ya mgeni. Nilipoiona ukumbini hapa Dar, waliokaa karibu nami walikuwa wanabishana kuhusu wahusika wake, Yasmin na Denge, mpaka kwenye maegesho ya magari.

Klapa wa Tabata

Nimeandika kila kitu. Kwa televisheni nitafuata ushauri wa Masta: chaneli ya Sinema Zetu wananunua kazi za nyumbani, nitawapelekea kwa mkataba wa miaka maalumu. Dada wa Sinza, naomba uniangalizie sauti ya zile sehemu za Feri kabla sijaenda kwao, malipo tutaongea.

Na wewe kaka wa Rangi Tatu, filamu yangu ina usiku mmoja tu na tumeuangaza. Nikuletee?

Kibanda Rangi Tatu

Lete kwenye flashi, na uje na karatasi ya daraja kutoka Bodi ya Filamu, maana wakikagua wananiuliza mimi. Alhamisi hakuna mechi kubwa wiki hii, tunaanza saa moja usiku. Kiingilio mia tano, tunagawana kama kawaida. Njoo mapema na huyo dada tuijaribu sauti feni zikiwa zinazunguka. Na kama kuna mwingine humu mwenye filamu fupi ya dakika kumi hivi, ya Kiswahili, anitumie niiweke mwanzoni watu wakiwa wanaingia. Hiyo nayo nitailipia.