Nathaniel Macon aliingiaje Seneti bila kupigiwa kura na wananchi?

Swali: Wakuu, Macon, mwanasiasa wa jimbo la North Carolina, Marekani, alitoka Baraza la Wawakilishi akaingia Seneti mwaka 1815. Nani alimchagua?

Jibu 1: Bunge la jimbo lake. Kabla ya Marekebisho ya 17 ya Katiba, mwaka 1913, maseneta walichaguliwa na mabunge ya majimbo. Macon mwenyewe aliwahi kukaa kwenye seneti ya jimbo miaka ya 1780. Kisha Wawakilishi 1791–1815 (Spika 1801–1807), Seneti hadi 1828.

Jibu 2: Nyongeza muhimu: "Mswada wa Macon Namba 2" wa 1810 (kuhusu biashara ya Marekani na Uingereza na Ufaransa) huwapotosha wengi, wakidhani aliuandika yeye. Jina lilitokana na uenyekiti wake wa kamati. Yeye mwenyewe aliupinga!

Muulizaji: Asanteni sana, hilo la mswada lilikuwa limenichanganya.