Ulinzi wa mkutano wa siku 3 wa wakusanyaji wa stempu na sarafu: walinzi wanne wakae wapi?

Mshika Lenzi

Assalaam alaykum jamaa zangu. Sisi wakusanyaji wachache wa Unguja tumekusudia kufanya mkutano wa siku 3, Ijumaa hadi Jumapili, katika jumba la zamani la ghorofa lililo ndani ya vichochoro vya Mkunazini. Tunatarajia wageni wapatao 150, wakiwemo wa Pemba, Dar es Salaam na Mombasa, na kila mmoja atakuja na mkoba wake. Vitu vyenyewe ni vidogo mno: pesa ya shaba ya Sayyid Barghash, ile yenye picha ya mizani na mwaka 1299 wa Hijria, hupotea ndani ya kiganja, na stempu ya 1896 yenye sura ya Sayyid Hamed bin Thuwaini hufichika baina ya kurasa za daftari lolote. Fedha tulizonazo zinatosha walinzi wanne tu. Wenzangu wanataka wote wasimame mlangoni, lakini mimi moyo wangu haujatulia. Naomba ushauri wa aliyewahi kusimamia jambo la namna hii.

Mlinzi Mstaafu

Wa alaykum salaam, bwana. Moyo wako una haki ya kutotulia. Mlangoni anatosha mlinzi mmoja pamoja na kijana wenu mwenye daftari, kwani kazi ya pale ni kuandika jina, kumvisha mgeni utepe wa mkononi na kupokea mikoba mikubwa kwa namba. Rangi ya utepe ibadilike kila siku, ili wa Ijumaa usiingie nao Jumamosi. Mlinzi wa pili awe ndani ya chumba cha meza, naye asipewe kiti. Wawili waliobaki ni wa usiku.

Saa za kuogopa ni zile za kupokezana. Katika maonyesho moja niliyokuwa zamu, kasha la sarafu liliondoka mchana kweupe, kwa sababu mlinzi wa asubuhi alidhani mwenzake ameshapanda juu, kumbe mwenzake yuko chini anakunywa chai. Tangu siku hiyo sikubali zamu ibadilike mpaka anayetoka na anayeingia wasimame pamoja mbele ya kabati, wahesabu makasha moja moja, waandike saa na watie saini wote wawili. Funguo nazo zikabidhiwe hapo hapo, mkono kwa mkono, wala zisiachwe juu ya meza. Nanyi mnaanza Ijumaa: watu wakienda msikitini, nani atabaki nazo?

Mshika Lenzi

Sheikh, hilo la Ijumaa halikutupitia akilini hata kidogo. Walinzi wote tuliozungumza nao ni wanaume, na wote wataswali.

Mama wa Wete

Mwanangu, ajirini wanawake wawili kati ya hao wanne. Sala ya Ijumaa haitulazimu sisi. Tutaswali adhuhuri yetu hapo hapo jumbani, mmoja baada ya mwengine. Hata hivyo, msiuache ukumbi wazi muda huo. Tangazeni mapema kwamba unafungwa saa sita mchana na kufunguliwa saa nane, kila mwenye meza afunge kasha lake mwenyewe, na mlango wa chumba ubandikwe karatasi yenye saini mbili. Tena mtahitaji mwanamke mlangoni siku zote tatu, kwa maana mikoba ya wanawake haitapekuliwa na mwanamme, na mkiacha kuipekua mtakuwa mmepekua nusu ya wageni tu.

Fundi wa Mji

Nyote mmeusemea wizi, nami nausemea moto, maana gari la zimamoto halipiti katika vichochoro vile. Wekeni mitungi ya kuzimia moto na ndoo za mchanga kila ghorofa. Milango yetu ya nakshi ina mabawa mawili yanayofunguka kwa ndani. Watu 100 wakiukimbilia kwa pamoja, wa mbele hana nafasi ya kuuvuta. Kwa hiyo wakati wote wageni wakiwemo, mabawa yote mawili yawe wazi na yafungwe kwa kamba ukutani. Umeme ukikatika, tumieni taa za betri na si mishumaa, kwani ukumbi umejaa karatasi. (Aliyekuwepo Unguja mwaka 2008, tulipokaa gizani kiasi cha mwezi mzima, haulizi kwa nini naileta habari ya umeme.) Kuhusu polisi, sheria inataka taarifa ya maandishi saa 48 kabla ya mkusanyiko wa hadhara, ninyi pelekeni wiki mbili kabla, na sheha wa hapo, yaani kiongozi wa serikali katika mtaa, apate nakala, kwa kuwa yeye ndiye anayewajua vijana wa mtaa.

Mshika Lenzi

Ahsanteni sana. Bibi wawili wa mtaa huo huo wameshakubali kazi. Alasiri hii nimekwenda kuujaribu mlango: ubawa wa kulia unafunguka vizuri, lakini wa kushoto umepigwa misumari miaka mingi iliyopita na hausogei hata tukiuvuta watu wawili. Seremala anakuja Jumatatu.