Binti amekuwa mvivu kupindukia, nafikiria kumpeleka bweni. Naombeni ushauri

Kigingi
Wakuu, habari za jioni. Nina jambo linaninyima usingizi.

Nina binti wa miaka 15. Alikuwa mchangamfu, wa kwanza kuamka nyumbani, na darasani hakukosa kuwa kwenye kumi bora. Tangu mwaka jana amebadilika. Kumwamsha asubuhi ni vita. Akirudi shule anatupa begi na kulala na sare zake. Ukimtuma anajikokota, akipanda ngazi anasimama katikati kuvuta pumzi. Kusoma hasomi, anasema anarudia mstari mmoja mara kadhaa na haumuingii. Anajifungia chumbani, analia ukimuuliza kitu kidogo tu. Ripoti ya shule imeandikwa "hajitumi".

Nimezungumza naye, nimemnyang'anya simu, hakuna kilichobadilika. Sasa nimepata nafasi kwenye shule ya bweni yenye nidhamu kali, aanze muhula ujao. Wenye watoto wa umri huu, bweni linasaidia, au ndiyo nitamharibu zaidi?

Mwana Adabu
Tatizo ni simu hiyo, hata usizunguke. Tunawadekeza mno hawa watoto. Sisi tulikuwa tunaamka alfajiri tunachota maji ndipo twende shule, na hakuna aliyesema amechoka. Mpeleke bweni, likizo utampokea mtu mwingine kabisa.

Mzee wa Utani
Kulala na sare ni kuokoa muda wa kesho asubuhi. Huyo binti ana mipango, mwacheni.

Mama Mapacha
Bweni lina uzuri na ubaya wake. Kijana wangu alikwenda akiwa mpole, muhula wa kwanza tu akarudi na godoro la mtu mwingine na lugha siijui. Nikamhamisha. Mwenzake wa pili alikataa kabisa kwenda, na yeye ndiye aliyefaulu. Kwa hiyo inategemea mtoto. Na ada usilipe yote mara moja, mimi mpaka leo nadai.

Zawadi wa Pili
Kaka Kigingi, shikamoo. Hapo kwenye ngazi pamenishtua. Nikiwa na miaka 16 nilikuwa hivyo hivyo, na mimi niliitwa mvivu. Naomba nikuulize mambo mawili. Je, anapenda kutafuna barafu, udongo au mchele mbichi? Na umeshampima wingi wa damu?

Kigingi
Marahaba. Barafu ndiyo, anatafuna mchana kutwa, nikajua ni joto. Damu alishapima, ila hilo ni suala jingine, halihusiani na uvivu. Naomba turudi kwenye bweni maana muda unanibana.

Nesi wa Zamu
Ndugu, linahusiana sana. Ilikuwa ngapi? Alipewa nini? Mlirudi kupima tena?

Mwana Adabu
Nesi na wewe, kila kitu mnakigeuza ugonjwa. Mtoto akikosa nidhamu apimwe damu?

Nesi wa Zamu
Nimemuuliza mwenye uzi.

Kigingi
Sawa, niseme. Ilikuwa 7.6. Akapewa vidonge vya madini chuma, tukaambiwa turudi baada ya wiki nne. Alianza kunywa, tumbo likamuuma, choo kikawa cheusi tii. Nikahofia anatoka damu ndani kwa ndani, nikavisimamisha. Kurudi hatukurudi.

Lakini msinihukumu, sikukaa bure. Nampa juisi nyekundu kila siku, na jamaa yangu alinielekeza dawa ya maji ya kuongeza damu, anakunywa na chai asubuhi. Hata shavuni ameanza kunawiri. Na huko bweni kuna muuguzi anayelala hapo hapo, atamwangalia kuliko mimi ninayeshinda kazini. Nafasi nimeshaithibitisha na sare zimeshashonwa. Ninachotaka kujua ni kama nidhamu ya bweni itamrudisha alivyokuwa.

Nesi wa Zamu
Nitaandika kirefu, nivumilie.

Msichana wa umri huo anatakiwa awe na hemoglobini, yaani hicho kipimo cha wingi wa damu, isiyopungua gramu 12 kwa desilita. Chini ya hapo ni upungufu, na chini ya 8 Shirika la Afya Duniani linaita upungufu mkali. Binti yako yuko kwenye mkali. Halafu wewe unatafuta nidhamu. Mwili wake haupati oksijeni ya kutosha kupanda ngazi, ataipata wapi ya kufanya hesabu?

Choo cheusi kwa anayekunywa madini chuma ni kawaida. Ni chuma ambacho mwili haukukichukua, kinatoka. Choo cha damu inayovuja tumboni hunata na kuwa na harufu kali isiyo ya kawaida, na ukikiona hicho unakimbia hospitali. Tumbo kuuma nako kuna njia: anywe baada ya kula kidogo, au daktari ampangie siku moja anywe, siku moja apumzike. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 kwa wanawake wenye akiba ndogo ya chuma ulionyesha kuwa kunywa siku moja na kuruka moja kulifanya sehemu kubwa zaidi ya kila dozi ifyonzwe, kwa sababu dozi ikiingia ini hutoa homoni ya hepsidini, nayo hufunga mlango wa chuma utumboni kwa muda. Kwa hiyo kulikuwa na mengi ya kufanya kabla ya kuviweka kabatini.

Juisi kuwa nyekundu haimaanishi ina chuma. Dawa ya maji sijui ina nini, ichukue na chupa yake umwonyeshe daktari. Ila hiyo chai iondoe leo hii. Chai na kahawa hushika chuma tumboni kisifyonzwe, ziachane na dawa na chakula kwa saa moja au mbili. Maziwa vilevile yasinywewe pamoja na kidonge. Kidonge kinapenda kitu chenye vitamini C, chungwa kwa mfano.

Na kuhusu kulia, kujifungia, mstari usioingia kichwani: ubongo unatumia chuma kutengeneza kemikali kama dopamini, zile za hamu na hisia. Mwaka 1996 watafiti wa Baltimore, Marekani, waliwapa chuma wasichana wa sekondari ambao chuma chao kilikuwa kimepungua lakini damu ilikuwa bado haijashuka. Waliopewa wakafanya vizuri zaidi kwenye mtihani wa kujifunza na kukumbuka maneno kuliko wenzao waliopewa kidonge kisicho na dawa. Hao walikuwa na damu ya kutosha. Wako ana 7.6.

Sasa swali ambalo hakuna aliyeuliza humu. Siku zake zinachukua muda gani?

Kigingi
Hayo siwezi kuyajua, dada. Najua tu pedi zinaisha haraka mno, nikamwambia azitumie kwa uangalifu. Nilihisi anawagawia wenzake.

Jicho la Tatu
Wakuu mnapoteza muda, hii ni chai, stori ya kutunga. Nimepekua nyuzi za huyu bwana. Huko nyuma alifungua uzi analia yeye na mkewe hawajajaliwa mtoto. Leo ana binti wa miaka 15, kamtoa wapi? Na pili, damu 7.6 anakwenda shule na kupanda ngazi? Mtu wa damu saba yuko wodini anaongezewa. Shemeji yangu alishuka hadi 8 baada ya ajali, hata kuongea hakuweza.

Mzee wa Utani
Mkuu, mtoto wa miaka 15 hazaliwi akiwa na 15. Tupe ramani.

Mwana Adabu
Nilihisi tangu mwanzo. Watu wanatunga wapate wachangiaji.

Mama Mapacha
Jamani, na mimi nimeandika mambo ya godoro kwa mtu wa kutunga.

Mtu wa Maabara
La kwanza la Jicho la Tatu silijui. La pili amekosea, na ni kosa la hatari. Kila wiki naona wasichana wa 7 na pointi wanaingia kwa miguu yao, wengine wametoka darasani. Kinachotofautisha ni kasi. Aliyepata ajali amepoteza damu ghafla, mwili haukupata nafasi ya kujipanga, anaanguka. Anayepoteza kidogo kidogo kwa miezi, moyo unaongeza mapigo na chembe nyekundu zinajifunza kuachia oksijeni kwa urahisi zaidi. Anaonekana mzima, amechoka tu, na wenzake wanamwita mvivu. Ila ule moyo unafanya kazi ya ziada usiku na mchana. Na kuongezewa damu hakuamuliwi kwa namba peke yake, daktari anaangalia na hali ya mgonjwa.

Kigingi
Jicho la Tatu, ule uzi ni wangu na kila neno ni kweli.

Binti ni mtoto wa marehemu kaka yangu. Mama yake alitangulia, kaka akafuata, nikamchukua akiwa bado mdogo. Simtambulishi popote kama mtoto wa kaka, ni binti yangu. Ule uzi ulituhusu mimi na mke wangu, na mke wangu hayupo tena hapa, aliondoka. Kwa hiyo nyumba hii hakuna mwanamke. Mambo ya hedhi ningeyajulia wapi, na yeye angemwambia nani?

Baada ya kusoma swali la nesi nimemrudishia simu yake. Nikakaa sebuleni nikamwandikia ujumbe, yeye yuko chumbani, maana kwa mdomo nisingeweza na yeye asingeweza. Amejibu. Siku zake zinapita wiki, kila mwezi, tangu alipovunja ungo. Usiku anaamka kubadilisha. Yanatoka mabonge. Siku nyingine shuleni hanyanyuki kwenye kiti mpaka wenzake watoke. Anasema alijua wanawake wote wako hivyo.

Jicho la Tatu
Pole kwa msiba, mkuu. Uzi wa zamani nimeusoma tena, hakuna mahali ulisema huna mtu unayemlea. Ila haya ungeyaandika mwanzo.

Zawadi wa Pili
Kaka, mwambie huyo mdogo wangu kwamba hapana, hatuko hivyo wote. Mimi niliambiwa na kila mtu nivumilie, ndiyo uanamke. Nilikuwa kwaya, nikaacha, pumzi haikutosha kumaliza mstari. Nikaacha marafiki pia, maana wao walikuwa na nguvu ya kucheka na mimi sina. Nilianza kuamini kweli mimi ni mtu mbaya, mvivu, mwenye gubu. Kumbe damu yangu haigandi vizuri, nina ugonjwa wa von Willebrand, nimezaliwa nao. Uligundulika kwa sababu daktari mmoja aliniuliza kama huwa natoka damu puani. Muulize: puani anatoka? Alipong'oa jino damu ilichelewa kukata? Anapata michubuko bila kugongwa? Na mama yake au shangazi zake walikuwa na hali hiyo?

Kigingi
Puani ndiyo, tangu mdogo. Nilikuwa namwinamisha kichwa na kumwekea maji ya baridi.

Nesi wa Zamu
Hiyo ya puani mwambie daktari kabla ya kitu kingine chochote.

Hedhi inayopita siku 7, au pedi inayolowa ndani ya saa moja au mbili, au mabonge yanayozidi sentimita mbili na nusu, ni damu nyingi na inatibika. Kesho mwende, msisubiri muhula. Akipata mapigo ya moyo kwenda mbio akiwa amekaa, kukosa pumzi au kuzimia, hiyo kesho isubirini hospitali, nendeni usiku huu. Omba picha kamili ya damu, ferritini ambayo ndiyo inayoonyesha akiba ya chuma, vipimo vya kuganda kwa damu, na selimundu kama hajawahi kupimwa. Kama mnaishi mahali penye minyoo na malaria, hivyo navyo vipimwe. Vidonge vya chuma akianzishwa tena, damu ikishapanda haachi, ataendelea kama miezi mitatu mingine ili akiba ijae. Na damu ya hedhi lazima ipunguzwe, la sivyo unajaza pipa lililotoboka. Kuna dawa ya kusaidia damu kuganda, asidi ya traneksamiki, na kuna vidonge vya homoni.

Mwana Adabu
Vidonge vya uzazi wa mpango kwa mtoto wa miaka 15! Ndipo tulipofika?

Nesi wa Zamu
Ni dawa ya kupunguza damu inayomwangusha mtoto. Daktari akiona inafaa, ataipata kama mgonjwa mwingine yeyote.

Mama Mapacha
Kaka, kama hakuna shangazi wa karibu, muulize binti kama angependa mwalimu wa kike anayemwamini aingie naye kwa daktari. Mengine hatayasema wewe ukiwa pembeni.

Kigingi
Amemtaja mwalimu wake wa hisabati. Nimeshampigia, tunakutana hospitali saa mbili asubuhi. Nauliza jambo moja: vile vidonge vya chuma vya zamani vipo, anywe leo usiku au asubiri?

Mtu wa Maabara
Asubiri. Asinywe chuma chochote kabla ya kutolewa damu, na hiyo dawa ya maji pia. Mkitoka maabara fuateni atakavyosema daktari. Na aandike leo tarehe za hedhi zake anazozikumbuka, pamoja na idadi ya pedi kwa siku, ataulizwa.

Zawadi wa Pili
Na bweni?

Kigingi
Nimewaandikia kwamba muhula huu haji. Hawajajibu.