Naomba ushauri: mgogoro wa Karabakh wa 1988 nianzie wapi darasani?

Habari zenu wakuu. Mimi ni mwalimu wa historia, kidato cha sita, na wiki hii nafundisha kuvunjika kwa Umoja wa Kisovyeti. Nimekwama Nagorno-Karabakh. Mkoa huu ulikuwa na mamlaka ya ndani chini ya Azerbaijan, ambayo kama Armenia ilikuwa jamhuri ndani ya Umoja huo, ila wakazi wake wengi walikuwa Waarmenia. Tarehe 20 Februari 1988 baraza la mkoa, pale Stepanakert, lilipiga kura kuomba uhamishiwe Armenia. Moscow ikakataa. Siku chache baadaye Waarmenia wakauawa mjini Sumgait, Azerbaijan, na baadaye watu wa pande zote mbili wakayakimbia makwao.

Jana nilichora ramani ubaoni kwa chaki, mwanafunzi mmoja akauliza, "Mwalimu, kwa nini wasingepewa tu walichoomba?" Nilinyamaza. Jibu la haraka lingewaonea Waazeri au Waarmenia, na hilo sitaki kabisa.

Je, nianze na mipaka iliyowekwa miaka ya 1920, au na mageuzi ya Gorbachev, kiongozi wa Kisovyeti wa wakati huo, yaliyowafungua watu midomo? Mimi naegemea mipaka. Mliowahi kufundisha mada hii, mlifanyaje?