Mkandarasi "mwenzetu" kalipua kazi ya besimenti yangu huku Minnesota, sasa wazee wa jumuiya wananitaka nimlipe salio tuyamalize kindugu

Wakuu salaam.

Niko Brooklyn Park, Minnesota. Nimetoka zamu ya usiku na ningepaswa kuwa nimelala, ila nikilala na hili jambo kifuani nitaamka na presha. Uzi ni mrefu. Asiyeweza apite, asije akaniandikia "fupisha mkuu".

Kwa mlioko nyumbani niwaeleze kidogo. Nyumba nyingi za huku zina besimenti, yaani chini ya sebule kuna ghorofa nzima imechimbiwa ardhini. Siyo ufahari. Baridi inagandisha udongo, kwa hiyo eneo letu msingi lazima ushuke si chini ya inchi 42, na ukishachimba kiasi hicho unaona bora uongeze upate vyumba. Mara nyingi ukinunua nyumba besimenti unaikuta zege tupu, tanki la maji ya moto, tanuru la kupasha nyumba joto, na buibui. Mimi nilitaka chumba cha kulala cha mama anayekuja kutoka Moshi, bafu, na kijisebule watoto wapigie kelele zao huko huko.

Mkandarasi nilimpata kupitia group la jumuiya. Ni mwenzetu wa Afrika Mashariki, nchi siitaji, maana najua mtaanza ligi ya Kenya na Tanzania hapa badala ya kunisaidia. Leseni yake niliitafuta kwenye tovuti ya idara ya kazi na viwanda ya jimbo nikaikuta hai. Nikaenda hadi kwenye nyumba ya familia moja aliyowafanyia kazi, nikaona vigae vimekaa vizuri. Kwa hiyo wale wa "ungechunguza kwanza" mmeshajibiwa, kaeni.

Mkataba ulikuwa dola 34,000. Mstari wa kibali cha ujenzi cha jiji upo peke yake na bei yake pembeni. Naomba mkumbuke huo mstari.

Kazi ikaanza. Mimi ni nesi, nalala mchana. Kila nikishuka kuangalia, jamaa ananipokea na tabasamu: "Dada, wewe umetoka zamu, kapumzike, sisi tunaendelea." Nikiuliza swali la kiufundi ananijibu kwa kumtazama mume wangu, ambaye hata skrubu na msumari vinamchanganya. Mkataba nimesaini mimi, hela natoa mimi, maelezo anapewa shem.

Nikamwambia nataka hewa ya radoni ishughulikiwe kabla hajafunga sakafu. Ni gesi inayotoka ardhini, haina harufu wala rangi, na baada ya sigara ndiyo inayoongoza kusababisha saratani ya mapafu. Minnesota karibu nyumba 2 kati ya 5 zina kiwango cha kutisha. Akacheka. "Dada, hawa wazungu wanapenda kutishana." Mimi kazini naona watu wamevalishwa mashine za oksijeni, yeye anacheka.

Hela akawa anaidai kwa mwendo wa mwanga. Advansi nikatoa. Fremu zimesimama, nikatoa. Jipsamu bodi zimepigwa, nikatoa. Jumla dola 24,000. Zikabaki 10,000, na hapo ndipo mafundi wakaanza kuyeyuka. Mara fundi vigae kafiwa, mara gari limeharibika, mara "kesho asubuhi na mapema". Simu hapokei, meseji tiki za bluu. Huku kwenye status yake anaposti kazi ya nyumba nyingine, yuko kwenye ngazi anachekelea na rola mkononi.

Halafu theluji ikaanza kuyeyuka mwezi wa 3.

Kona ya chumba cha mama niliona rangi imetuna karibu na sakafu. Nikabonyeza. Kidole kikazama kama nimebonyeza boga la kuchemsha, na kilipotoka kikaja na harufu ya nguo zilizosahauliwa kwenye beseni. Nikachukua kisu cha jikoni nikakata kipande cha ukubwa wa daftari. Nyuma yake ile sufi ya pinki ya kuzuia baridi imebandikwa moja kwa moja kwenye ukuta wa zege, imelowa inachuruzika. Chini yake, mbao ya sakafuni inayoshika fremu nzima ni mbao nyeupe ya kawaida. Mbao inayolala juu ya zege huku lazima iwe ya dawa, hilo hata kibarua wa wiki ya kwanza anajua, na zile za dawa zinauzwa duka hilo hilo, rafu ya pili. Hii ilikuwa imeshaota koga jeusi. Na alipigilia wakati mimi nimelala juu yake, kwenye chumba cha juu.

Nikamtumia picha. Jibu lake nimelihifadhi, nalinakili lilivyo: "Dada huo ni unyevu wa msimu tu, nunua mashine ya kufyonza unyevu itakauka. Hiyo 10 naomba uniwekee nusu kwanza nilete vijana."

Mtu anaona koga, anaomba hela.

Wakati nikiwa bado natetemeka, posta ikaleta barua ya rejista. Mwenye kuuza jipsamu na mbao ananiarifu rasmi kwamba vifaa vimeshushwa nyumbani kwangu kwa mkopo wa mkandarasi, na asipolipwa ana haki ya kuandikisha dai dhidi ya nyumba yangu. NYUMBA YANGU. Yule hajawahi kuniona, mimi sijawahi kumuona, lakini sheria ya Minnesota inampa siku 120 tangu aliposhusha mzigo wa mwisho kuliandikisha. Maana yake hela niliyoitoa kwa ajili ya vifaa haikufika kwenye vifaa. Imekwenda wapi, muulizeni yule wa kwenye ngazi.

Hapo nikapiga simu jiji kuuliza ukaguzi wa kazi yangu umefikia hatua gani. Mama wa watu akaandika anwani, akanyamaza, akaniomba niitaje tena. Hakuna kibali. Hakijawahi kuombwa. Ule mstari wa kwenye mkataba niliulipia, hela akala.

Wengine mtasema kibali ni karatasi tu. Sikilizeni basi kazi ya hiyo karatasi. Kukiwa na kibali, mkaguzi anakuja wakati fremu, nyaya na mabomba viko wazi, KABLA ya jipsamu. Anaona mbao isiyo ya dawa, anasema toa, inatolewa kwa saa chache. Bila kibali kila kitu kinafunikwa, kinapakwa rangi, kinapendeza, mpaka siku ya maji au siku ya moto.

Mkaguzi alikuja. Kijana mpole, hana haraka, ana tepu na tochi. Akaniambia lazima kuta zifunguliwe aone ndani, na zilipofunguliwa nilikaa kwenye ngazi nikashindwa kuongea. Maboksi ya maungio ya nyaya yamezikwa nyuma ya jipsamu, wakati yanatakiwa yafikike muda wote. Sehemu za kuziba moto usipande kutoka ukutani kwenda kwenye dari ya juu hakuna hata moja. Kisha akaenda chumba cha mama akapima dirisha.

Chumba cha kulala cha besimenti lazima kiwe na dirisha la mtu kutokea moto ukiwaka, na zimamoto kuingilia na mtungi mgongoni. Kimo cha uwazi wake kisipungue inchi 24, upana usipungue inchi 20, na kizingiti chake kisizidi inchi 44 kutoka sakafuni. Kwenye mkataba wangu limo: kukata zege, kuweka dirisha kubwa, kuchimba shimo la nje mbele ya hilo dirisha. Alichofanya ni kuacha kile kidirisha cha zamani cha kuingiza mwanga, akakizungushia fremu mpya nyeupe ya kupendeza. Kimo chake inchi 14. Paka mnene anakwama. Mama yangu ana miaka 71 na goti bovu, alikuwa amepangiwa alale humo.

Nilipomuuliza kuhusu dirisha alinijibu hivi kwa sauti ya kushangaa kabisa: "Lakini dada, si ungeweka pazia tu?"

Sasa sehemu inayoniudhi kuliko koga.

Jamaa hakunipigia mimi. Alipiga kwa viongozi wa jumuiya. Simu zikaanza. Mzee mmoja ninayemheshimu sana, aliyesimamia hata harambee ya msiba wa shemeji yangu, ananiambia: "Binti yangu, usimpeleke mwenzetu kwa wazungu. Ana watoto. Mmalizie salio lake, arudi arekebishe, tuyamalize kindugu." Dada mwingine akaniandikia kwamba nikimripoti atanyang'anywa leseni na mimi ndiye nitakuwa nimevunja nyumba ya mtu.

Mimi watoto wangu ni wa plastiki? Undugu ulikuwa wapi wakati anapigilia ile mbao? Alipokuwa ananiambia "kalale dada", alikuwa ananifanyia undugu au ananitoa eneo la tukio? Mzungu asiyenijua angeniletea karatasi kwa sababu anaogopa kesi. Huyu alijua sitamshitaki kwa sababu tunakutana kwenye misiba. Hicho ndicho alichokiuza kwangu na ndicho anachojifichia sasa. Nikimjibu mzee vibaya nimekosa adabu, nikinyamaza nimelipa. Nilimjibu "nimekusikia baba", nikakata simu, nikaendelea kupanga risiti.

Salio silipi. Nenda kasome mkataba wako kama unajengewa Minnesota, sheria inamlazimisha mkandarasi mkuu akuandikie taarifa kwamba una haki ya kuwalipa moja kwa moja waliotoa kazi au vifaa na kukata kwenye bei yake, au kushikilia kiasi chao mpaka siku 120 baada ya kazi kukamilika, isipokuwa akuletee karatasi walizosaini za kuachia madai yao. Kwangu ipo, ukurasa wa mwisho. Aliiandika mwenyewe! Nimemwambia kwa maandishi: lete karatasi hizo, lete kibali, ndipo tuongee kuhusu 10,000. Kimya. Muuza vifaa nimeshaongea naye, ni mtu mwelewa, tunapanga nimlipe yeye mwenyewe kutoka kwenye hilo salio.

Malalamiko yako kwa idara ya kazi na viwanda tangu Jumatatu. Kesi naifungua Hennepin, mahakama ya madai madogo, ambayo sasa inapokea mpaka dola 20,000. Makadirio ya kubomoa, kukausha na kukata dirisha halali yapo ndani ya hicho kiwango, nimepata mawili kwa maandishi. Jimbo pia lina mfuko wa kuwafidia wenye nyumba waliodhulumiwa na wakandarasi wenye leseni, ila lazima uwe na hukumu mkononi kwanza, hivyo kesi haikwepeki.

Mama tiketi yake nimeisogeza mbele. Nimemwambia chumba bado rangi haijakauka.

Naomba msaada kwa waliowahi kusimama kwenye mahakama hizo za huku, siyo wa kubahatisha. Ripoti ya mkaguzi wa jiji inatosha kwa maandishi au hakimu anataka mkaguzi afike mwenyewe, na anaitwa mahakamani kwa njia gani? Na hizi meseji zetu zote ni za Kiswahili, tena Kiswahili cha vifupisho na meseji za sauti: mkalimani anatoa mahakama au nitafute mimi mtu wa kutafsiri na kuapa? Ninazo za kutosha kujaza faili. PM iko wazi. Wa "msamehe tu mkuu", mlango ule pale.