Visabuni vya kuweka kwenye pochi vinatoa jasho, nisaidieni

Binti Chumbageni
Jamani habari zenu, naombeni msaada wa haraka. Dada yangu ana kicheni pati wiki tano zijazo hapa Tanga, na mi kwa kimbelembele changu nikasema zawadi za wageni ntatengeneza mwenyewe, visabuni vidogo vya kutia kwenye pochi, kila mgeni kimoja kwenye kamfuko ka oganza, wageni 80. Nikanunua ile sabuni ya gliserini ya kuyeyusha, nikamimina kwenye moldi za silikoni zenye umbo la waridi, juu nikapachika asumini niliyoianika. Siku ya kwanza zilipendeza mpaka nikampigia mama picha. Siku ya tatu nafungua kopo, kila kisabuni kina vitone vya maji kama kimetoka kukimbia, mifuko imelowa, na asumini imekuwa kama majani ya chai yaliyokwishachemshwa. Nimekosea wapi? Au nianze upya na mafuta ya nazi? Nna magadi kilo nzima ndani.

Mama Pacha
Hujakosea mwanangu, hiyo ni hewa ya pwani. Gliserini inavuta unyevu wa hewani, ukiiacha wazi Tanga msimu huu lazima itoe jasho. Ikishapoa na kutoka kwenye moldi ifunge palepale na nailoni ya kufungia chakula, ikaze kabisa, ndo uitie kwenye mfuko. Na usiweke friji, ukiitoa ndo inalowa zaidi. Asumini hata uianike mwezi ikikaa ndani ya sabuni itageuka tu, we ua lifunge nje kwenye utepe.

Fundi wa Mwera
Dada ngoja kwanza, MAGADI sio kostiki. Watu wengi wanachanganya hapo. Magadi hayana nguvu ya kugeuza mafuta ya nazi kuwa sabuni, utakoroga mpaka Idi na utabaki na mafuta yenye chumvichumvi. Unataka kostiki soda, ile ya vipande vyeupe.

Mi natumia hivi: mafuta ya nazi gramu 500, kostiki gramu 73, maji gramu 180. Pima YOTE kwa mzani wa kidijitali, maji pia, habari za kikombe na kijiko sahau. Nazi tupu inakausha ngozi ndo maana nimepunguza kostiki, mafuta kama asilimia 20 yanabaki hayajageuka. Mimina kostiki kwenye maji, usimimine maji juu ya kostiki, itaruka ikuunguze. Vaa glavu na miwani, fungua madirisha, watoto watoke. Itachemka yenyewe bila moto, iache ipoe ndo utie kwenye mafuta, koroga mpaka iwe kama uji mwepesi, mimina kwenye hizohizo moldi zako za waridi. Usimimine kwenye boksi ukasema utakata kesho, nazi inakuwa ngumu haraka, kesho utapasua makombo.

Kwa kisabuni cha gramu 20 unapata kama 35 hivi kwa mpigo mmoja, kwa hiyo piga mara tatu. Zikae wiki nne mahali penye hewa. Yaani ukitaka ziwahi, umimine wiki hii.

Shangazi Kariakoo
Naongezea, usitumie sufuria ya alumini!! Mi nilitumia ile ya kupikia wali, kostiki ilivyoingia tu ikaanza kufoka mapovu na kuunguruma, ndani ikawa nyeusi, nikaibeba mbio mpaka uani huku nalia, na mwenye nyumba dirishani ananiangalia. Beseni gumu la plastiki au sufuria ya chuma kisichoshika kutu. Kostiki ikikurukia, maji ya bomba mengi hata robo saa, usianze kutafuta siki.

Rangi, manjano kijiko kidogo inatoa dhahabu nzuri ila inapauka juani. Kinamama wa Paje wanatia unga wa mwani, ukiupata ni mzuri.

Binti Chumbageni
Kumbe magadi ningeyakoroga kweli 😭 asanteni. Harufu nilitaka mafuta ya karafuu, nna kachupa kutoka Pemba.

Fundi wa Mwera
Karafuu inakomaza sabuni ghafla. Unageuka kuchukua moldi unarudi mwiko umesimama wenyewe. Tia matone machache mwisho kabisa, moldi ziwe zimeshapangwa mezani, na isizidi maana inawasha ngozi. Mchaichai hauna shida sana.

Nahodha Mstaafu
Mtu akienda nayo safari ni nzuri sana hiyo ya nazi, inatoa povu hata kwa maji ya chumvi, sisi baharini tulikuwa hatutaki nyingine. Na kwenye ndege haihesabiwi kama kimiminika. Mkatie kila mgeni kipande cha karatasi ya kuokea aifungie, ikilowa ndani ya pochi haitashika simu.

Mama Pacha
Na tengeneza 100 sio 80. Kicheni pati ya Tanga mtu haji peke yake.

Binti Chumbageni
Hahaha mama Pacha umenikumbusha, shangazi zetu wa Muheza hata sijawahesabu. Kostiki nanunua kesho, Jumamosi namimina mpigo wa kwanza wa mchaichai. Zile za gliserini nimezipangusa nikazifunga nailoni, zimekaa chooni kwetu, dada anaogea waridi kila siku na hajui ni za kwake.