Tänak kuiacha Toyota: alikosea hesabu, au sisi ndio hatuoni?

Vumbi Jekundu:
Wakuu, habari za jioni. Kuna jambo linanikera tangu 2019, leo nalimwaga hapa. Ott Tänak, dereva wa Toyota, anachukua ubingwa wa dunia wa rali kule Catalunya, Hispania, bingwa wa kwanza asiyeitwa Sébastien (Loeb au Ogier) tangu Petter Solberg wa 2003. Siku chache baadaye tunasikia anahamia Hyundai. Gari lililompa taji analiachia wengine! Monte Carlo 2020, mbio zake za kwanza huko, akaruka na gari likabingirika hadi chini kwenye miti. Mungu saidia walitoka wazima, yeye na Martin Järveoja, msomaji wake wa noti (anayekaa pembeni akimsomea maelezo ya njia). Taji la pili hakulipata mpaka alipotangaza kupumzika mwishoni mwa 2025.

Nafasi za timu za kiwanda, zile za kampuni za magari zenyewe, ni za kuhesabu. Sasa dereva akiwekewa ofa mbili mezani, anaangalia nini hasa? Na msinijibu "hela" mkaishia hapo, hilo hata mtoto analijua.

Mzee wa Gia:
Hela.

Haya, natania. Mkuu, wewe unaliangalia taji, mimi naiangalia Sardinia ya mwaka uleule. Anaingia hatua ya mwisho akiongoza kwa sekunde 26 hivi, pawa stiringi inakufa. Jamaa anapigana na usukani kwenye changarawe hadi mwisho, anamaliza wa tano, ushindi anauokota Dani Sordo wa Hyundai. Uturuki gari likazima tena kwa hitilafu ya umeme. Ukishafanyiwa hivyo na gari lililo kasi kuliko yote, ofa ya jirani unaisoma mara mbili. Mimi ningeisoma.

Halafu kuna kitu mashabiki tunasahau: mkataba unasainiwa kabla hujajua gari la mwakani litakuwaje. Unachosaini ni watu. Mhandisi wako ni nani, siku za majaribio utapewa ngapi, mkigombana na mwenzako timu itamsikiliza nani.

Kona Kali:
Naongezea Sébastien Ogier, maana huyu ndiye fundi wa kuhama. Volkswagen walijitoa ghafla mwishoni mwa 2016, bingwa mara nne akabaki hana gari. Akajaribu Yaris ya Toyota, akajaribu Fiesta ya Ford, kisha akaenda M-Sport wenye hiyo Fiesta, timu isiyo na mfuko wa kiwanda kikubwa. Wengi tulicheka. Akachukua 2017 na 2018. Citroën 2019 haikumkaa, akavunja mkataba mapema, na kampuni nzima ikafunga mradi kwa kukosa dereva wa kiwango chake! Toyota akabeba 2020 na 2021, akapunguza mbio, na bado 2025 akachukua la tisa akiendesha msimu usio kamili.

Vumbi Jekundu:
Sawa, ila Ogier ni Ogier, huyo tumweke pembeni. Niambieni kuhusu Thierry Neuville, maana ndiye anayeivuruga hoja ya Mzee wa Gia. Yuko Hyundai tangu 2014. Mshindi wa pili wa dunia mara tano. Naivasha 2021, Safari Rally, Jumapili asubuhi anaongoza kwa karibu dakika nzima, anaingia hatua ya Loldia, shokapu ya nyuma inakwisha, Ogier anashinda Safari. Mtu mwingine angefungasha virago siku ileile. Yeye kabaki, na 2024 kalichukua taji Japani. Tena lilimfikia Jumapili baada ya nani kuanguka? Tänak! Aliyekuwa anaongoza mbio, aliyekuwa amerudi Hyundai baada ya kupita M-Sport 2023.

Mzee wa Gia:
Neuville kabaki kwenye timu, lakini msomaji wa noti alimbadilisha. Januari 2021, siku chache kabla ya Monte Carlo, aliachana na Nicolas Gilsoul, akaingia Martijn Wydaeghe. Kwangu huko ni kuhama kukubwa kuliko kubadili rangi ya gari. Noti ndizo zinazokuambia usikanyage breki kwenye mlima usiouona ng'ambo yake. Sauti ikiwa ngeni, mguu unasita. Tänak timu zote hizo alikuwa na Järveoja yuleyule.

Vumbi Jekundu:
Hapo umenibana, hilo sikuliwaza. Lakini bado nasema, mwaka mmoja zaidi pale Toyota angekuwa na mataji mawili.

Kona Kali:
Na huyo Ogier aliyekuja kukalia nafasi hiyo 2020 ungempeleka wapi?